Hatua mbili za Lancelot: kwa wadogo zangu mnaoanza Kifaransa cha Kale

Juzi usiku nilikuwa nasahihisha rasimu za tasnifu za mwaka huu. Nilipofika ya nne nikaweka kalamu chini, nikaenda kusimama dirishani. Mwandishi wake kanukuu ule mshororo wa Chrétien de Troyes, mshairi Mfaransa wa karne ya 12, juu ya mpanda farasi Lancelot, "Tant solemant deus pas demore", halafu kwenye tanbihi kaandika kwamba kautoa katika toleo la Roques, mmoja wa wahariri wa shairi hilo. Wadogo zangu, katika toleo la Roques mshororo huo haumo. Nalijua hilo kwa sababu nami niliwahi kuandika tanbihi hiyohiyo, na mpaka leo nikiikumbuka viganja vinatoka jasho.

Kwa hiyo naandika. Haya nimeshayasema darasani, nimeyasema koridoni, nimeyasema hata ndani ya daladala nikiwa nimesimama na mfuko wa nyanya mkononi, na kila mwaka yanarudi. Safari hii someni kabla hamjaniletea ukurasa wa kwanza. Mapenzi yenu kwa hadithi hizi sina shaka nayo. Mtu haachi kazi ya kufundisha Kifaransa cha watalii akaja kuhangaika na lugha ya karne ya 12 kama hakuguswa. Nataka tu mguswe na kile kilichoandikwa.

1. Msianze na "amour courtois".

Rasimu tatu kati ya sita zinaanza na kurasa nne za fasili kabla mtu hajapanda farasi. Istilahi yenyewe aliyeieneza ni Gaston Paris, mtaalamu wa fasihi ya zama za kati, mwaka 1883, katika makala yake juu ya Lancelot kwenye jarida la Romania. Washairi wa kusini, wale wa lugha ya oc, walizoea kuimba fin'amor, mapenzi yaliyotakata. Itumieni tu, lakini mjue kwamba ni lebo iliyobandikwa miaka 700 baada ya mzigo kufungwa, na kazi yenu ni kuufungua mzigo.

Kwa Kiswahili mimi huyaita mapenzi ya kiungwana, na neno hilo nalionea fahari. Mwungwana kwetu pwani alikuwa mtu aliyezaliwa huru, mwenye hadhi yake mjini, na papo hapo alikuwa mtu mwenye adabu, anayejua kusema na kunyamaza. Hadhi na tabia zilikaa nyumba moja. Ndivyo ilivyo cortois: mtu wa cort, barazani kwa bwana mkubwa, na mtu mwenye mwenendo wa huko. Na kinyume chake, vilain, ni mtu wa shamba kwanza, ndipo likaja kuwa tusi. Mwanafunzi wa Paris anahitaji aya nzima kueleza mchanganyiko huo. Ninyi mnao kinywani tangu utotoni, halafu mnauacha mkimbilie fasili za watu.

2. S ya mwisho.

"Li chevaliers" ni mpanda farasi mmoja na "li chevalier" ni wengi, wakiwa kiima. Bandikeni jedwali la cas sujet (umbo la kiima) na cas régime (umbo la yambwa) juu ya meza, msilitoe mpaka mhitimu.

3. Maneno mnayodhani mnayajua ndiyo yatakayowaangusha.

Maneno magumu hayana hatari, kwa sababu mtayafungulia kamusi. Hatari ni merci. Mpenzi anapomwomba bibi yake merci anaomba huruma, anaomba asiachwe afe, wala hakuna asante hapo. Travail ni mateso, talent ni hamu, na ennui ni majonzi yanayokula moyo. Mwaka juzi kuna aliyeniandikia kwamba malkia Guenièvre, mpenzi wa Lancelot, "alichoshwa". Jamani, malkia alikuwa anataka kujiua! Alisikia Lancelot amekufa, akaacha kula na kunywa, akajishika koo, akajilaumu kwa kumgeuzia uso. Neno moja likamfanya mwanafunzi wangu aone mtu anapiga miayo mahali palipokuwa na mtu anayekufa.

4. Usinukuu mshororo ambao hujauona kwa macho yako ndani ya toleo unalolitaja.

Hapa nitakaa.

Nilikuwa mwaka wa pili wa uzamili, Ufaransa, kwenye mji wa mvua nyingi. Tasnifu yangu ilikuwa juu ya Le Chevalier de la charrette, yaani Mpanda Farasi wa Mkokoteni, kisa ambacho Chrétien anasema alipewa mada yake na Marie wa Champagne. Mnakijua. Guenièvre ametekwa na Méléagant. Lancelot anamfuata, farasi wamemfia, anatembea kwa miguu na silaha zake zote mwilini, anakutana na kibete anayeendesha mkokoteni. Mkokoteni huo ulikuwa wa wahalifu, na aliyepandishwa humo heshima yake imekwisha. Kibete anamwambia: panda, na kesho utajua malkia amefikia wapi. Akili inamwambia asipande. Mapenzi yanamwamuru apande. Anapanda, lakini baada ya kusita kidogo. Maelfu ya mishororo baadaye, ameshavuka daraja la upanga kwa mikono na miguu mitupu inayovuja damu, anafikishwa mbele ya malkia, naye malkia hamtazami. Sababu yake anakuja kuisikia baadaye: "quant vos demorastes deus pas". Ulikawia hatua mbili.

Sura yangu ya pili niliiita "Hatua mbili". Ilikuwa na kurasa 38, na niliipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Hoja yake ilikuwa hii: msimulizi anazihesabu hatua zile mbele ya macho yetu, kwa hiyo sisi wasomaji tunakuwa mashahidi, malkia anapozitaja baadaye, tunaitwa kutoa ushahidi juu ya mtu tunayempenda. Ushahidi wote wa sura hiyo ulisimama juu ya mshororo mmoja, "Tant solemant deus pas demore", alikawia hatua mbili tu. Nao mshororo nilikuwa nimeutoa kwenye kitabu cha uhakiki, na mhakiki aliutoa kwenye toleo la zamani zaidi. Lakini semina yetu nzima ilitumia toleo la Mario Roques la 1958, basi na mimi nikaandika Roques. Kitabu kilikuwa kwenye rafu mkabala na kiti changu. Nilikuwa nimekifungua mara nyingi, kwenye kurasa nyingine. Ukurasa ule sikuufungua kwa sababu nilishaamini kwamba ninao.

Siku ya utetezi ikafika. Mmoja wa watahini alikuwa mama mtu mzima, mwenye sauti ya chini, ambaye semina nzima haikuwahi kumsikia akimkatiza mtu. Aliniacha nikamaliza maelezo yangu yote. Kisha akafungua kitabu, akakisogeza mezani mpaka mbele yangu, akasema, "Hebu tusomee hapo kwenye mkokoteni."

Nikasoma. Nikafika "que la reïne est devenue". Nikasoma "Tantost a sa voie tenue". Nikavuta pumzi niutamke mshororo wangu, na macho yakaangukia "li chevaliers que il n'i monte". Nikarudi juu. Nikasoma tena. Nikageuza ukurasa wa nyuma, nikageuza wa mbele, kama mtu anayetafuta pasi ya kusafiria ambayo alikuwa nayo asubuhi. Chumba kilikuwa kimya. Nakumbuka kidole changu cha shahada kilikuwa kimeacha alama ya unyevu pembezoni mwa karatasi.

Haukuwemo. Roques alifuata nakala ya Guiot, mnakili wa karne ya 13, ile iliyo katika muswada wa Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, fr. 794, na Guiot hana mishororo miwili hapo, wangu na mwenzake wa kina. Miswada mingine inayo. Na litazameni pengo lenyewe kwa karibu, maana lina ujanja wake. Vina vya tungo hizi hutembea viwiliviwili. Devenue yuko na tenue, monte yuko na honte. Jozi isiyokuwepo, ore na demore, imeondoka pamoja, haikuacha kina hata kimoja kikiwa yatima. Msomaji anaweza kupita hapo maisha yake yote asijikwae.

Yule mama hakunikaripia. Aliniambia maneno mengine ambayo yaliniuma zaidi: "Sura yako nzuri ilikuwa ndani ya pengo hili."

Nilichukua muda kumwelewa. Kwa Guiot, tunaambiwa kwamba mpanda farasi alisita, na kwamba alifanya vibaya kusita. Kiasi hatuambiwi. Hatua mbili zinatajwa kwa mara ya kwanza na malkia mwenyewe, ambaye wakati ule hakuwepo, alikuwa njiani mikononi mwa mtekaji. Nani kamwambia? Shairi halisemi. Na kumbukeni jambo jingine: karibu nusu ya hadithi hatujui hata jina la mtu tunayemfuata. Ni mpanda farasi tu, yule wa mkokoteni. Anayelitamka jina lake kwanza ni malkia, akiwa dirishani anatazama pigano, msichana mmoja anapomuuliza: Lanceloz del Lac. Jina lake tunalipata kwa malkia. Kwa Guiot, hata kipimo cha kosa lake tunakipata kwa malkia. Mimi nilikuwa nimeandika kurasa 38 kuthibitisha kwamba sisi wasomaji tulijua kabla yake, wakati kitabu nilichokitaja kwenye tanbihi kilikuwa kinasema kwamba anayejua ni yeye.

Sura iliondolewa yote. Nilikaa miezi sita zaidi kwenye mji ule wa mvua, kwa fedha ambazo nyumbani walizichanga kwa shida. Nilimpigia mama simu nikamweleza kwamba nimechelewa kumaliza kwa sababu ya mishororo miwili. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Miwili tu?"

Mnaniuliza kila muhula kwa nini visa hivi vinaendelea kusomwa, na mnanijibu wenyewe kwa maneno makubwa: mapenzi yasiyowezekana, shauku na kifo, mwanamke aliyeinuliwa. Mimi nawaambia ni kwa sababu ya udogo wa kosa. Mtu amevuka daraja la upanga na bado anadaiwa hatua mbili. Aliyewahi kupenda anaijua hesabu hiyo. Mimi nimewahi kununiwa wiki nzima kwa sababu nilikawia kuitikia jina langu mbele ya rafiki zangu. Chrétien alikuwa na vita, pete ya ajabu na falme mbili, akaweka uzito wa hadithi kwenye kusita kwa mtu mmoja mbele ya mkokoteni. Hilo hamtaliona kwenye muhtasari wowote. Muhtasari unaruka hatua mbili kwa sababu ni mbili.

Na lile kundi la nywele za malkia kwenye kitana kilichosahaulika kando ya chemchemi? Lancelot anakaribia kuzirai juu ya farasi, kisha kitana anampa msichana anayesafiri naye na nywele anazitia kifuani. Rasimu zote sita, hakuna hata moja iliyozitaja.

5. Vida si cheti cha kuzaliwa.

Vida ni masimulizi mafupi ya maisha ya mshairi wa kusini. Kila mwaka ananijia mtu na machozi ya mshairi mmoja wa huko, Jaufre Rudel: alimpenda malkia mdogo wa Tripoli (ni countess, mtafute neno lenu) kwa sifa tu, bila kumwona, akavuka bahari, akaugua melini, akafia mikononi mwake. Kisa kizuri. Kiliandikwa katika karne ya 13, yeye ni mtu wa karne ya 12, na kwa sehemu kubwa kimefumwa kutokana na nyimbo zake mwenyewe, kutokana na ule "amor de lonh", upendo wa mbali, ambao maneno yake "de lonh" yanarudi katika kila ubeti wa wimbo wake wa Mei. Mtunzi wa vida alifanya kile mnachofanya ninyi, alisikia wimbo akaugeuza habari. Someni wimbo kwanza. Halafu muwe makini na majina: Bernart de Ventadorn, mshairi mwingine wa kusini, anamwita mmoja wa watu wake "Bel Vezer", na wanafunzi wanapoteza majuma wakimtafuta bibi huyo kwenye nasaba za watawala. Jina la fumbo limewekwa ili asijulikane. Mtu aliyekulia kwenye mafumbo ya taarabu, aliyeona ukumbi mzima ukigeuka kumtazama mwanamke mmoja ambaye hakutajwa, hahitaji kufundishwa na mimi jambo hili.

6. Andreas Capellanus, yule wa karne ya 12 aliyeandika kwa Kilatini juu ya mapenzi, ana vitabu vitatu. Kisomeni na cha tatu, ambamo anayakataa yote aliyoyafundisha kwenye viwili vya kwanza, kabla hamjaniletea zile kanuni zake 31 za mapenzi kama sheria za nchi.

7. Someni kwa sauti.

Tungo hizi ziliandikwa zisikike, na ninyi mna sikio ambalo wenzenu wengi watalitafuta. Mshororo wa romans (kisa kirefu cha kishairi) na wa lai (kisa kifupi) una mizani 8. Kipande cha utenzi kina mizani 8. Mpangilio wa vina ni tofauti, wao wawiliwawili, sisi vitatu na cha nne kinabeba kina cha bahari, lakini pumzi ni ileile.

Mwaka jana nilikuwa na mwanafunzi aliyelelewa na bibi yake Lamu, na bibi alimlisha Utendi wa Mwana Kupona pamoja na uji. Nilimpa Laüstic, lai ya mshairi wa kike wa karne ya 12, Marie de France, mishororo 160, asome mbele ya darasa. Mwanzoni alisoma kama mtu anayesoma risiti. Kama mshororo wa kumi hivi sauti ikaanza kupanda na kushuka, na nikatambua mahadhi. Nadhani mwenyewe hakujua. Kisa kikaanza kutembea. Nyumba mbili pande za Saint-Malo, ukuta mmoja kati yake, mke wa mtu upande huu na jirani upande ule, madirisha yanatazamana. Usiku mke anatoka kitandani kwenda dirishani. Mume anauliza kwa nini. Anajibu kwamba anamsikiliza laüstic, ndege aimbaye usiku. Mume anaamuru watumishi wategee nyavu na ulimbo kwenye kila mti wa bustani, ndege ananaswa mzima, analetwa chumbani. Mke anamwomba ampe.

"Le col li rumpt a ses deus meins."

Akamvunja shingo kwa mikono yake miwili. Hesabuni: le, col, li, rumpt, a, ses, deus, meins. Msichana wangu aliupitisha ule mshororo kwenye mahadhi ya bibi yake bila kukosa mizani hata moja, na darasa likaacha kuandika. Mume anamtupia mkewe maiti ya ndege, damu inachafua kanzu yake, "Un poi desur le piz devant". Hapo alisimama. Aliweka kidole kwenye kifua chake mwenyewe, akakisogeza juu kidogo, akakishusha, akakisogeza tena, akauliza, "Mwalimu, kwa nini un poi? Kwa nini kidogo juu ya kifua?"

Saa nzima iliyobaki tulikaa na "un poi". Mwingine alisema msimulizi anatuonyesha doa kama fundi nguo anavyolionyesha, kwa kidole. Mwingine alisema doa lingekuwa juu ya moyo lingekuwa la mtunzi, lakini lilipoangukia pembeni kidogo likawa la kweli. Kisha tukamaliza: mke anamfunga ndege kwenye kitambaa cha hariri kilichotariziwa dhahabu, anampelekea jirani, na jirani anamtengenezea kijisanduku cha dhahabu na vito, anakifunga vizuri, anatembea nacho siku zote. Hakuna neno la mapenzi linalosemwa tena mpaka mwisho.

Mwenye rasimu ya nne, njoo Jumanne saa nne asubuhi. Usilete kompyuta. Lete Roques, tutaufungua ukurasa ule pamoja, na wewe ndiye utakayesoma.